Namna ya kupima kama kifurushi cha mapishi kinalipa: hesabu ya jikoni kwa mkazi wa Dodoma

Kwa watu wengi neno kifurushi bado lina maana ya bando la intaneti, kwa hiyo nianze kwa kueleza ninachokizungumzia. Kifurushi cha mapishi ni boksi au mfuko unaoletwa hadi mlangoni ukiwa na mahitaji ya mlo mmoja ambao haujapikwa: nyama iliyokwisha kukatwa vipande, mchele uliochambuliwa na kupimwa, vitunguu vilivyomenywa, karoti, hoho, binzari kidogo ndani ya kikaratasi, na maelekezo ya kupika. Hakifanani na chakula cha kuagiza mgahawani, kwa sababu kinapofika bado unatakiwa kuwasha jiko na baadaye kuosha sufuria. Ulaya na Marekani biashara hii ina kampuni kubwa, kama HelloFresh iliyoanzia Berlin mwaka 2011. Huku kwetu sura yake ya kawaida ni ndogo zaidi: mama mwenye friji kubwa na kundi la WhatsApp, kijana wa bodaboda, na orodha ya milo ya wiki inayotumwa Jumapili jioni.

Swali la kama huduma hiyo inastahili bei yake huwasumbua hasa watumishi waliokuja Dodoma baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa. Mtu anatoka ofisini Mtumba saa tisa na nusu, anapitia shughuli mbili tatu, anafika Nkuhungu au Kisasa jua likizama, hana shangazi wala mdogo wake wa kumsaidia jikoni kama alivyokuwa nao Dar es Salaam, na simu inamwonyesha picha ya wali unaofuka moshi. Mimi ni mmoja wao. Nimelipia huduma hizi, nikaziacha kwa hasira, kisha nikazirudia kwa kiasi, na nimefikia uamuzi kwamba swali lenyewe huwa linaulizwa vibaya. Hakuna nyumba ambayo kifurushi kinailipa siku zote, na ni chache ambazo hakizilipi hata siku moja. Kazi yako ni kuzitambua siku hizo.

Anza na daftari la wiki mbili

Kosa la kwanza la wanaopiga hesabu hii ni kulinganisha bei ya kifurushi na bei ya soko. Utamsikia mtu akisema kwamba kwa shilingi 22,000 angejaza kapu katika Soko la Majengo, na ni kweli angelijaza. Lakini je, jioni ile ya Jumanne alikwenda Majengo? Mara nyingi hakwenda. Alipita kwenye banda la chips, akanunua za watu wanne, akarudi nyumbani akilalamikia bei ya kifurushi. Kifurushi hakishindani na kapu ambalo ungelijaza siku yako nzuri. Kinashindana na kile ambacho familia yako ingekula kweli jioni hiyo, na huo mlo wa kweli huwezi kuujua kwa kukumbuka, kwa sababu kila mmoja wetu hukumbuka zile jioni alizopika.

Kwa hiyo, kabla hujaagiza chochote, tenga daftari na kwa siku 14 andika kila usiku mambo matatu tu: mlikula nini, kilitoka wapi, na mlitumia shilingi ngapi. Usijirekebishe katika wiki hizo ili kulipendeza daftari. Langu, nilipolifunga, lilikuwa na usiku nane ambao tulipika mahitaji ya genge na akiba ya ndani, usiku minne ambao tulinunua chakula kilichopikwa, usiku mmoja tulioalikwa, na usiku mmoja wa chai na mkate ambao sikujivunia. Maana yake ni kwamba kwangu kifurushi kilikuwa na nafasi ya kushindania usiku minne kati ya 14, yaani usiku miwili kwa wiki. Muuzaji alikuwa akinishawishi nijiunge kwa usiku mitano.

Sasa weka namba. Bei ninazotumia hapa chini ni za mfano. Ziondoe na uweke zile unazolipa wewe. Tuseme kifurushi cha wali, mchuzi wa nyama ya ng'ombe na mchicha kwa watu wanne kinauzwa 22,000, na bodaboda ni 3,000, jumla 25,000. Vitu hivyohivyo, kwa vipimo vilevile, ukivinunua mwenyewe vinakuwa hivi: mchele nusu kilo 1,400, nyama nusu kilo 6,000, nyanya 1,000, vitunguu 500, karoti na hoho 800, mafuta ya alizeti 800, viungo 500, mchicha 1,000. Jumla ni 12,000. Sahani moja ya kifurushi ni 6,250 na sahani moja ya kwako ni 3,000, yaani tofauti ya mlo mzima ni 13,000. Hiyo ndiyo hasara ya kuagiza kifurushi katika usiku ambao ungepika kwa vyovyote vile.

Upande wa pili, chips kuku za watu wanne kwa 7,000 kila mmoja ni 28,000. Katika usiku ambao ungezinunua, kifurushi kinakuokolea 3,000, na watoto wamekula mboga za majani. Ukijiunga kwa usiku mitano kwa wiki huku daftari linaonyesha miwili tu ya kununua chakula, unaokoa 6,000 kwenye ile miwili na kupoteza 39,000 kwenye mitatu iliyobaki, na hivyo wiki inaisha ukiwa umepungukiwa 33,000. Kwa wiki nne ni 132,000. Mteja yuleyule, kifurushi kilekile na bei ileile vinaweza kuwa faida au hasara kwa kutegemea idadi ya usiku aliyoichagua.

Pima kilichomo, usisome kilichoandikwa

Maneno "kwa watu wanne" hayana kipimo kinachokubaliwa na wote. Kifurushi changu cha kwanza nilikifungua juu ya meza nikakipima kwa mizani ndogo ya jikoni: mchele ulikuwa gramu 400. Kwa watu wanne ni gramu 100 za mchele mkavu kwa kila mmoja, kiasi kinachoweza kumtosha mtu mzima anayekaa ofisini, lakini nyumbani kwangu kuna kijana wa kidato cha tatu ambaye huutazama wali wa namna hiyo kama kionjo. Tuliongeza mchele wetu, na mchuzi ukawa mwepesi. Ukiona kwamba kila mara unaongeza chako, basi ulichokinunua ni kifurushi cha watu watatu kwa bei ya wanne, na bei ya sahani inapaswa kuhesabiwa upya.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu za wenzetu wa mbali hazina, nalo ni kiporo. Katika nyumba nyingi za hapa chakula cha usiku hupikwa kwa makusudi kizidi kidogo, na asubuhi kiporo cha wali au maharage kinakutana na chai ya rangi. Kifurushi kilichopimwa vizuri hakiachi kitu. Asubuhi yake unatuma mtu akanunue chapati au maandazi, na fedha hiyo, ingawa inatoka siku nyingine, ni sehemu ya bei ya kifurushi. Vivyo hivyo mgeni: mtu akibisha hodi saa moja usiku hatukumwambia aje, wala hatutamwambia arudi, na sahani nne hugawanyika vibaya kwa watu watano.

Genge ni mshindani mkubwa kuliko soko

Huwa najiuliza kwa nini biashara hii ilipendwa haraka katika miji ya Ulaya na Marekani, na sababu moja iko wazi. Huko, anayetaka kupika mlo mmoja wenye kijiko kimoja cha kiungo fulani hulazimika kununua chupa nzima, na chupa hiyo inakaa kabatini hadi inapotupwa. Boksi linamletea kijiko kimoja. Uokoaji huo si maneno matupu: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha milo ya vifurushi na milo ileile iliyonunuliwa dukani, wakakuta kwamba hewa chafu inayotokana na mlo wa dukani ilikuwa juu kwa takriban theluthi moja, na sababu kubwa ilikuwa chakula kinachonunuliwa kikabaki na kutupwa.

Lakini nenda kwenye genge la mtaani kwako saa kumi na mbili jioni. Utauziwa kitunguu kimoja. Utauziwa tangawizi ya shilingi mia, kitunguu saumu kwa punje chache, mafuta ya kupimiwa, nyanya tatu kwa watu watatu. Mama wa genge letu, kule Ilazo, akimaliza kukupa fungu la chainizi huuliza, "Nikukatie?" Ukisema, "Nikatie mama, nyembamba," analikunja fungu zima kama mkeka, anashika kisu chake kilicholiwa na jiwe la kunolea hadi kikabaki chembamba kama kijiti, na kabla hujamaliza kutafuta chenji mboga iko ndani ya mfuko, tayari kwa sufuria. Hakuongeza hata shilingi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile ambacho kifurushi kinakuuzia, yaani kipimo kidogo na mboga iliyokatwa, tayari unayo umbali wa hatua mia mbili kutoka nyumbani, na bei yake imo ndani ya bei ya fungu.

Kwa hiyo mtu anayeishi karibu na genge zuri anapaswa kukipa kifurushi mtihani mgumu zaidi kuliko anayeishi kwenye viwanja vipya ambako nyumba zimejengwa lakini biashara hazijafika. Kama kwenu genge la karibu ni la kupanda bajaji, ongeza nauli ya kwenda na kurudi kwenye ule upande wa shilingi 12,000, halafu uone tofauti inabaki kiasi gani.

Muda una bei, lakini si bei unayoidhani

Wauzaji hupenda kusema kwamba unanunua muda. Tukubali, kisha tuupime. Kwa saa ya ukutani, mlo ule wa wali na mchuzi ulinichukua dakika 50 pungufu nilipotumia kifurushi: dakika 25 za kupita genge na buchani, na nyingine 25 za kuchambua, kumenya na kukata. Kuupika kulichukua muda uleule, gesi ileile. Kama dakika 50 zimenigharimu 13,000, saa nzima imenigharimu 15,600. Mtu anayepokea 900,000 mkononi kwa mwezi, akifanya kazi siku 22 za saa nane, hulipwa takriban 5,100 kwa saa. Anainunua saa yake kwa mara tatu ya bei anayoiuzia.

Hesabu hiyo haimhusu kila mtu kwa namna moja. Fundi cherehani mwenye nguo za harusi za kumalizia, au mwalimu anayefundisha masomo ya ziada jioni, akiokoa dakika 50 anaweza kuzigeuza fedha usiku uleule, na kwake kifurushi kinaweza kulipa hata katika usiku ambao angepika. Mimi dakika zangu 50 ziliishia kwenye tamthilia. Sioni ubaya wa tamthilia, ila haikunilipa chochote, na kwa hiyo sikuwa na haki ya kuziandika dakika zile kama mapato.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo limeniokolea fedha nyingi kuliko mengine yote: kazi za jikoni hazina uzito sawa, na muuzaji anakutoza kana kwamba zinao. Kumenya vitunguu viwili ni dakika mbili au tatu. Kuchemsha maharage makavu ni saa moja na nusu au mbili za mkaa. Kutwanga kisamvu kunataka kinu, mchi na mkono. Kupara samaki na kumtoa matumbo kunachafua jiko na kuwaita paka wa mtaa mzima, na kukuna nazi kwa mbuzi baada ya siku ya kazi ni adhabu. Kwa hiyo badala ya kununua mlo mzima, nunua ile kazi nzito peke yake: maharage yaliyochemshwa na kugandishwa, kisamvu kilichotwangwa, samaki aliyeparwa, nazi iliyokunwa. Vingi vya vitu hivi huuzwa na wauzaji walewale wa vifurushi ukiwauliza, ingawa havimo kwenye picha zao. Mafuta, chumvi, vitunguu, nyanya na mchele endelea kuvichukua unakovichukua siku zote. Kwa maharage, hesabu hata inageuka: ukiondoa gharama ya mkaa au gesi ya saa mbili, tofauti ya bei kati ya yaliyochemshwa na makavu inakuwa ndogo sana, na wakati mwingine inatoweka.

Na usisahau kwamba mkoa huu una vyakula vya haraka vya asili ambavyo havihitaji boksi la mtu. Mlenda uliokaushwa na kusagwa, ukiwa na karanga za kusaga na nyanya moja, huiva kabla maji ya ugali hayajachemka vizuri. Ule usiku wangu wa chai na mkate ungeweza kabisa kuwa usiku wa mlenda, kama ningekuwa na kopo moja kabatini.

Jua, friji na mtu wa kupokea

Chakula kibichi kilichokatwa kinaharibika haraka kuliko kizima, na Dodoma ya mwezi Oktoba na Novemba mchana haina huruma. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba chakula kinachoharibika kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi au, kama kimepikwa, kiwe juu ya nyuzi 60, kwa kuwa kati ya hapo vijidudu huongezeka kwa kasi. Mimi nililijua hilo kwa vitendo. Niliagiza samaki wa Mtera walioparwa na kuungwa limao, wafike saa kumi na moja jioni. Dereva, kwa sababu zake, alifika saa saba mchana, akaacha mfuko kwa mlinzi wa geti, naye kwa wema wake akauweka kivulini. Kivuli kilihama. Niliporudi, nilisikia harufu kabla sijaambiwa kwamba nina mzigo, na muuzaji akanijibu kwamba mzigo ukishapokelewa si wake tena.

Tangu siku hiyo namuuliza muuzaji mpya maswali manne kwa maandishi, nisubiri majibu kwa maandishi, kabla ya kutuma hata shilingi: vitu vilikatwa saa ngapi; nyama na samaki vinasafiri na barafu au vinasafiri na upepo; dereva akikosa mtu wa kupokea anafanya nini; na vikifika vimeharibika, ninarudishiwa fedha ndani ya siku ngapi. Kwa biashara iliyokua kiasi cha kufungasha na kuweka nembo, uliza pia kuhusu usajili wake TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao tangu Julai 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula baada ya jukumu hilo kuondolewa kwa iliyokuwa TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa. Anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukujibu. Na kama nyumbani hakuna mtu mzima kuanzia saa kumi, au hakuna friji, au LUKU huisha mara kwa mara bila wewe kujua, basi vifurushi vyenye nyama na samaki viondoe kwenye mawazo yako na ubaki na vile vya nafaka na mboga.

Ofa ya wiki ya kwanza isiingie kwenye hesabu

Karibu kila muuzaji huanza na punguzo. Ulipokee, kwa sababu ni la bure, lakini usiliandike kwenye daftari kama bei. Kampuni ya vifurushi ya Blue Apron ya Marekani ni mfano mzuri wa mahali punguzo linapofika: mwaka 2017 iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 10 kila moja, ikijulikana kwa kutumia fedha nyingi mno kuwavuta wateja ambao wengi wao hawakukaa, na mwaka 2023 kampuni nzima ikanunuliwa kwa takriban dola milioni 103, kiasi kidogo kabisa cha thamani iliyoanza nayo sokoni. Wateja wale walifanya hesabu zao bei kamili ilipokuja. Wewe ifanye mapema kwa kutumia bei ya wiki ya tatu, pamoja na usafiri na makato ya kutuma fedha kwa simu.

Lipia kwa wiki, usilipie kwa mwezi, hata kama mwezi una punguzo, hadi utakapokuwa umeona muuzaji anashughulikiaje kosa lake la kwanza. Uliza pia namna ya kusitisha: ni ujumbe wa siku ngapi kabla, na fedha iliyobaki inakwenda wapi. Baada ya wiki nne fungua tena daftari, na safari hii andika pia usiku ambao kifurushi kilifika lakini hakikupikwa, kwa sababu ulirudi umechelewa ukanunua chips vilevile. Mimi nilikuwa na usiku mmoja wa namna hiyo. Usiku ukifika mitatu katika mwezi, acha, maana unalipia milo miwili ili kula mmoja.

Kwetu mpango uliobaki ni huu. Jumanne na Alhamisi, siku ambazo mimi na mwenzangu tunachelewa, kifurushi kinafika saa kumi na moja na kijana wa kidato cha tatu ndiye anayekipokea, anakiweka chini kabisa ya friji na kunitumia picha. Siku hizo anapika yeye kwa kufuata maelekezo, akiongeza mchele kikombe kimoja bila kuambiwa. Jumamosi tunachukua maharage yaliyochemshwa ya wiki nzima. Siku zilizobaki ni za mama wa genge.